Beetle ya 1965, breki zinazong'ang'ania, na mzee wa Chang'ombe

Fundi huyu nimempa nyota nne. Ile ya tano nitasema alipoipotezea.

Gari ni Volkswagen Beetle ya 1965, injini ya 1200, breki za dramu miguu yote minne, masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedeli) ya njia moja kwa miguu yote. Nililikuta Morogoro limelala chini ya mwembe, kuku wanatagia kiti cha nyuma. Kulifufua kulinichukua miaka miwili: bodi, sakafu, nyaya, rangi. Siku lilipotoka kwa mpiga rangi nilidhani nimemaliza. Wiki ya kwanza barabarani ikanishusha.

Naishi Dar es Salaam. Asubuhi natoka Kawe, gari jepesi kama baiskeli. Nikifika Mwenge pedeli ya breki inaanza kupanda juu na kuwa ngumu. Kufika Morocco, kwenye foleni, naachia klachi gari linasita. Gia ya pili linalia utadhani limepakia kokoto. Harufu ya kuungua inaingia dirishani. Nikiegesha nusu saa nikanywa dafu, narudi nakuta limelegea lenyewe, halina habari. Hilo ndilo lililonitesa kuliko yote, maana kila gereji niliyoingia gari lilikuwa limeshapoa. Fundi anainua jeki, anazungusha tairi, linazunguka vizuri, kisha ananitazama kama mtu anayelisingizia gari lake.

Gereji moja, sitaitaja, walibadilisha mipira minne ya breki, ile inayopeleka mafuta kwenye kila tairi, na wili silinda zote, zile ndogo za kwenye matairi, wakachonga na dramu. Laki nne na themanini. Nilipowarudia na tatizo lilelile, wakalegeza breki shuu, vile vibao vinavyobana dramu kwa ndani, mpaka pedeli ikawa inazama karibu ya sakafu. Kweli, joto lilipungua. Ila Magomeni nusura niingie nyuma ya bajaji iliyokuwa na mama na watoto watatu. Niliteremka nikiwa natetemeka, na jioni ile nikaanza kuulizia mtu anayezijua Volkswagen za zamani.

Nikaelekezwa Chang'ombe. Ni uwanja mdogo nyuma ya maduka, mzee wa miaka sabini na kitu, vijana wawili, na stuli moja ambayo ni ya mzee peke yake. Nilimwamkia, nikaanza kumpa historia ya spea nilizonunua. Akanikatiza: "Mwanangu, hizo pesa zimeshakwenda. Gari linaanza kushika baada ya muda gani?" Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.

Hakukimbilia kufungua kitu. Alirudisha kwanza breki shuu kwenye marekebisho yake ya kawaida, kisha akapanda, tukazunguka barabara ya Mandela hadi Buguruni na kurudi, yeye akiniambia nikanyage breki mara kwa mara. Tulipoingia uwanjani gari lilikuwa limeshika hasa. Mguu wa mbele kushoto ukainuliwa fasta, nikajaribu kuuzungusha kwa mikono miwili, wapi.

Hapo ndipo alipoipata pesa yake. Alilegeza nipeli, kile kijiskrubu cha kutolea upepo kwenye breki, katika tairi lile. Mafuta ya breki yakaruka, na papo hapo tairi likazunguka kwa kidole kimoja. "Umeona? Shuu nzima, springi nzima. Kuna presha imefungiwa ndani." Lingebaki limebana hata baada ya kufungua nipeli, tungejua kosa ni la vyuma palepale kwenye mguu.

Akafunga nipeli, akakanyaga pedeli haraka haraka kama mara kumi, magurudumu yakashika tena. Safari hii hakwenda kwenye tairi, alilegeza nati ya bomba pale linapoungana na masta. Miguu yote minne ikaachia kwa pamoja. Mpira wa breki ukivimba kwa ndani hufanya kama mlango wa upande mmoja: mafuta yanapita kwenda, kurudi hayawezi. Ingekuwa hivyo, kufungua kwenye masta kusingesaidia tairi. Kwa hiyo mipira ilikuwa haina kosa, na ile ya zamani niliyoitupa huenda ilikuwa mizima pia. Sikutaka kulifikiria sana.

Akachovya kidole kwenye kopo la mafuta ya breki, akanusa. Alikuwa anahakikisha hakuna mtu aliyetia oili ya steringi, kwa sababu hiyo huvimbisha kila kilicho cha mpira ndani ya breki. Yalikuwa safi. Ndipo akaingiza mkono chini ya dashibodi, akaisukuma pedeli taratibu, akacheka.

"Sakafu mlibadilisha?"

Tulibadilisha. Ilikuwa imeliwa na kutu, mchomeleaji akaweka mpya.

Kwenye Beetle kuna kibati kilichofungwa sakafuni ambacho pedeli huegemea ikirudi. Kinatakiwa kukaa mahali ambapo kifimbo kinachosukuma pistoni ya masta kinabaki na nafasi ya milimita 1. Ukikanyaga, pedeli icheze bure kidogo kwanza, milimita 5 hadi 7. Yangu haikucheza hata kidogo. Pistoni ilikuwa imesukumwa mbele muda wote, imeziba kitundu kinachorudisha mafuta kwenye kopo. Mafuta yakipata joto yanapanuka, hayana pa kwenda, yanazisukuma shuu. Shuu zinaongeza joto, na joto linaongeza presha. Gari likipoa yanasinyaa, basi amani.

"Huu si ugonjwa wa breki," akasema, "ni ugonjwa wa wachomeleaji." Nati zikalegezwa, kibati kikarudishwa nyuma, zikakazwa. Spana mbili, dakika kumi.

Tukazunguka tena. Mguu wa nyuma kulia bado ulikuwa na joto kuliko wenzake. Nipeli ikafunguliwa, tairi halikuachia, na safari hii hata mimi nilijua jibu kabla yake: waya wa hendibreki ulikuwa umekazwa mno.

Alinitoza elfu sitini. Nililipa bila kuomba apunguze, jambo ambalo mke wangu hadi leo haamini.

Sasa ile nyota. Aliniambia nifike saa mbili asubuhi, yeye akatokea saa tano kasoro. Simu hapokei akiwa kazini, na risiti hana, kwa hiyo kama gari ni la ofisi utapata shida na mhasibu. Ukienda, usilifikishe likiwa limepoa ukalala nyumbani unasubiri simu. Kaa naye, mwendeshe hadi lishike, atazame mwenyewe.

Huu ni mwezi wa nne tangu alitengeneze. Kawe hadi Posta kwenye foleni, pedeli iko palepale ilipokuwa asubuhi. Ila nikifika bado nazunguka gari nikigusa rimu moja moja kwa kiganja, na mlinzi wa ofisini ameshazoea, ananisubiri nimalize ndipo anisalimie.