Vinyonyaji vya kinembe: kipi ununue, kipi ukiache dukani

Kifaa changu cha kwanza cha aina hii nilikinunua kwa kuangalia jambo moja tu: kipi kina nguvu kuliko vyote kwa hela niliyokuwa nayo. Kikafika, nikakichaji, nikajifungia chumbani, nikabonyeza kitufe, nikakiweka panapohusika. Niliruka kama niliyeshika waya wa umeme, na hiyo ilikuwa ngazi ya kwanza. Kitufe chenyewe kimoja, kinapanda tu hakishuki. Ukitaka kurudi chini sharti upite ngazi zote mpaka ya mwisho ndipo uanze upya. Nikakibandua kwa hamaki bila kukizima. Kitu kilichokuwa kinanong'ona kikaanza kunguruma, na mwenzangu wa chumba cha pili akauliza kwa sauti ni nani anayenyoa nywele saa sita za usiku.

Tangu siku hiyo nimemiliki vitano, nimevijadili na marafiki mpaka tumechoka, na msimamo wangu umekuwa mmoja. Nguvu ya juu karibu vyote vinayo, na wengi wetu hatuifikii. Kinachotofautisha kifaa na kifaa ni mdomo wake unavyokukaa, na upole wa ngazi yake ya chini kabisa. Ukitafuta raha kali, anza na kifaa kinachojua kwenda taratibu.

Kinachofanyika ndani

Jina "kinyonyaji" linapotosha kidogo, maana hakivuti mfululizo kama pampu. Ndani ya ule mdomo mdogo kuna kiwambo kinachosukumwa na mota mbele na nyuma kwa kasi. Hewa iliyofungiwa kati ya kiwambo na ngozi yako inabanwa na kuachiwa, inabanwa na kuachiwa. Kinembe chenyewe kinabaki katikati ya shimo, hakisuguliwi na kitu. Vaibreta ya kawaida inasugua, ndiyo maana watu wengine hufa ganzi baada ya dakika chache au hubaki wakiwashwa. Kama kifaa chako hakiingii maji, jaza bakuli, kiwashe, kisha gusisha mdomo wake juu ya maji tu. Maji yataanza kurukaruka kama mvua iliyogeuzwa kichwa chini. Unachoona pale ndicho unachokisikia mwilini.

Teknolojia hii iliingia sokoni mwaka 2014 kupitia Womanizer, kazi ya mvumbuzi wa Kijerumani, Michael Lenke. Mwaka 2016 ikaja Satisfyer, nayo ya Ujerumani, ikaangusha bei. LELO ya Sweden ikafuata na Sona mwaka 2017. Vingine vingi unavyoviona mtandaoni ni watoto na wajukuu wa hawa watatu, na baadhi ni watoto wa nje ya ndoa.

Jambo moja la mwili kabla ya orodha. Kinembe unachokiona ni ncha tu. Daktari Helen O'Connell wa Australia alionyesha mwaka 1998 kwamba sehemu kubwa ya kiungo hiki imejificha ndani, ikiwa na miguu miwili inayoshuka pande zote za uke. Mwaka 2022 watafiti wa Oregon, Marekani, walihesabu nyuzi za neva zinazokihudumia wakapata zaidi ya 10,000 kwa wastani. Mahali penye neva nyingi kiasi hicho ndani ya eneo dogo hivyo hapahitaji kupigwa nyundo.

Pima kabla ya kulipa

Hili ndilo wauzaji hawakuambii. Chukua kioo cha mkono, kaa penye mwanga, vuta kidogo juu ile ngozi inayofunika kinembe uone ukubwa wake. Hakuna saizi ya kawaida. Kuna wenye kama punje, kuna wenye kama njegere kubwa. Mimi hutumia kipimo cha vidole. Kama ncha ya kidole chako cha mwisho inafunika eneo lote lenye hisia kali, mdomo mdogo wa duara utakutosha, tena utakufaa zaidi kwa sababu utaziba vizuri. Kama unahitaji ncha ya kidole gumba, tafuta mdomo mpana wenye umbo la yai. Mdomo ukiwa mdogo kuliko wewe, kingo zake zinabana kinembe na kinauma. Ukiwa mkubwa mno, hewa inavujia pembeni, kelele inaongezeka na hisia inapungua. Nusu ya watu wanaosema "hivi vitu havinifanyi kitu" nimekuja kugundua tatizo lao lilikuwa hapa.

Mengine ya kuangalia ni mafupi. Mdomo uwe wa silikoni. Vitufe vya kupandisha na kushusha viwe viwili tofauti, na hapo silegezi. Kama utakitumia bafuni, tafuta alama ya IPX7, yaani kinavumilia kuzama mita 1 kwa dakika 30.

Orodha yangu, kuanzia juu

*1. Womanizer Premium 2.* Ni ghali, sitakuficha. Lakini kina ngazi 14, na zile za chini ni laini kweli, kama pumzi. Unapanda hatua ndogo ndogo badala ya kurushwa ghorofani. Kinakuja na vichwa viwili vya ukubwa tofauti, kwa hiyo hata ukikosea kupima una pa kukimbilia. Ninachokipenda zaidi ni kwamba kinaanza kufanya kazi kikigusa ngozi na kunyamaza kikiondolewa. Aibu yangu ya saa sita za usiku isingetokea. Kina pia hali ya kujiendesha inayobadilisha ngazi yenyewe. Wengine wanaisifu. Mimi inanikera, kwa sababu kila nikikaribia kileleni chenyewe kinaamua kupumzika.

*2. Satisfyer Pro 2.* Kwa anayejaribu mara ya kwanza na hataki kutoa fedha nyingi, hiki ndicho. Kina ngazi 11, hakiingii maji, mdomo wake mpana unachomoka kwa kuoshwa, na kishikio kirefu kinasaidia wenye tumbo kubwa au viungo vinavyouma. Kasoro zake ni za bei yake: kinasikika zaidi, na ngazi ya kwanza ina nguvu kuliko ngazi ya tatu ya Premium kwa hisia zangu. Kimetolewa kwa matoleo kadhaa na maboksi yanafanana, basi soma vizuri unachokinunua, na ukiona toleo lenye kitufe kimoja cha kupandisha tu, sogea mbele.

*3. LELO Sona, toleo la Cruise.* Hiki kina tabia tofauti. Mdomo wake hauna tundu la kupitisha hewa. Ndani umefungwa kwa silikoni isiyo na maungio, na mawimbi yanasafiri kwa kina zaidi. Marafiki wanaosema Womanizer "inagusa ncha tu" ndio wanaokipenda, kwa sababu mguno wake unashuka mpaka kwenye ile miguu ya ndani. Kuosha ni rahisi kuliko vyote. Toleo la Cruise linaweka akiba asilimia 20 ya nguvu na kuiachia unapokikandamiza, ili mota isizimike pale pale ulipoihitaji. Nimekiweka cha tatu kwa sababu mdomo hauna mbadala. Ukikukaa umekukaa, usipokukaa umepoteza hela.

*4. Womanizer Liberty.* Kidogo, kina kifuniko chake, hakionekani kama kitu chochote hasa. Cha safari. Kushikika ni shida kidogo mikono ikiwa na kilainishi.

*5. We-Vibe Melt.* Chembamba, kiliundwa kipite katikati ya watu wawili. Ukiwa peke yako hakina ubaya, ila unalipia umbo na programu ya simu ambavyo huenda huvihitaji.

*6. Vya sehemu mbili*, vinavyonyonya nje huku mkono mwingine ukitetema ndani ya uke. Kwenye picha vinapendeza. Tatizo ni umbali kati ya kinembe na mlango wa uke, ambao haufanani kwa watu wawili. Mkono ukikaa sawa ndani, mdomo unaning'inia nje. Ninao marafiki wanaoapa kwa kifaa hiki, na wote wana bahati ya vipimo. Nunua kifaa cha nje peke yake kwanza, cha ndani utakiongeza baadaye kikiwa tofauti.

*7. Waridi.* Lile ua jekundu lililovuma TikTok mwaka 2021. Siyo chapa moja, ni umbo linalotengenezwa na viwanda vingi visivyojulikana, hivyo la rafiki yako na lako yanaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa. La kwangu liliacha kuchaji wiki ya tatu. Sumaku ya waya ilikuwa ikiteleza kama samaki. Petali zake ni nzuri kwa macho, lakini kila mkunjo ni mahali pa uchafu kujificha. Liache dukani.

Siku ya kwanza

Usianze na kifaa. Mwili ukiwa baridi, hewa inayobana na kuachia inakera tu. Jipashe moto kwa mkono au kwa mawazo, chochote kinachokufaa. Kisha paka tone la kilainishi cha maji kwenye ukingo wa mdomo. Ukingo tu, usijaze shimo. Kilainishi cha silikoni kiepuke, kinaweza kuharibu silikoni ya kifaa. Wacha ngozi inayofunika kinembe ikae mahali pake, usiivute mara ya kwanza. Weka mdomo juu yake taratibu mpaka usikie sauti inabadilika, kutoka mngurumo mpaka mnong'ono. Hiyo ndiyo dalili kwamba umeziba.

Halafu tulia. Kosa la kila aliyezoea vaibreta ni kukisugua huku na huku au kukikandamiza. Ukikandamiza unafukuza hewa, na hewa ndiyo inayofanya kazi. Kiache pale pale ngazi ya chini dakika mbili tatu, kisha panda moja. Ukitaka raha ikue kabla ya kumwagika, ukikaribia kileleni shusha ngazi mbili, vuta pumzi, panda tena. Rudia mara mbili au tatu. Kilele kinachokuja baada ya hapo kinakuwa kirefu na kizito kuliko cha kukimbilia ngazi ya juu, ambacho huja kwa sekunde chache na kukuacha unajiuliza kama ndiyo hicho tu. Ukimaliza, shusha kwanza; kinembe wakati huo kina hisia kali mno. Na zima kabla ya kubandua. Unajua kwa nini.

Kikikuwia kikali hata chini kabisa, kisogeze upande mmoja wa kinembe badala ya katikati. Ukifa ganzi, pumzika. Huwa inaisha yenyewe. Kama kuna kidonda, fangasi au muwasho usiouelewa, subiri upone. Mwenye kifaa cha moyo kilichopandikizwa azungumze na daktari wake kwanza, hasa kwa sababu ya sumaku za kuchajia. Na kama unatumia dawa za mfadhaiko na kilele kimekuwa mbali, huenda si wewe wala kifaa. Baadhi ya dawa hizo huchelewesha, na daktari anaweza kukusaidia bila wewe kuziacha kiholela.

Mambo ya pembeni yanayouma baadaye

Osha kila mara kwa maji vuguvugu na sabuni isiyo na manukato. Kama mdomo unachomoka, uchomoe. Ingiza kitambaa laini kwenye shimo, kausha kabisa kabla ya kuurudisha. Unyevu uliofungiwa ndani ndio unaoleta harufu.

Bandia ni nyingi, hasa za Womanizer na Satisfyer. Boksi lililochapwa herufi vibaya au bei iliyo nusu ya kila mahali pengine ni sababu ya kutosha kuondoka. Angalia pia sheria za forodha za ulipo, kuna nchi zinazokamata vifaa hivi mpakani.

Kuhusu programu za simu, mwaka 2017 kampuni ya Kanada iliyokuwa ikitengeneza We-Vibe ilikubali kulipa takriban dola milioni 3.75 za Marekani kumaliza kesi ya watumiaji waliolalamika kwamba programu yake ilikuwa ikikusanya taarifa za matumizi yao bila ridhaa. Kwa anayejistarehesha peke yake, vitufe viwili vinatosha.

Kile cha kwanza bado ninacho, kwenye droo ya chini. Rafiki akija kuniuliza hivi vitu vinafanyaje kazi, nakitoa, najaza bakuli maji, tunacheka.