Maomao na Frieren ndio walioubeba msimu huu

Msimu wa anime, yaani katuni za Kijapani, wa Januari hadi Machi 2024 ulifungwa, na tatu nilizokuwa nazifuatilia ziliisha karibu kwa mkupuo: Frieren tarehe 22 Machi, The Apothecary Diaries wikiendi hiyohiyo, Solo Leveling mwishoni kabisa mwa mwezi. Mbili za kwanza zilikuwa zimeanza tangu mwaka 2023. Nauza dawa kwenye famasi hapa Dodoma, maeneo ya Area C, na huwa natazama usiku nikishafunga. Wikiendi mdogo wangu anayesoma UDOM anashuka na laptopu yake, tunatazama wote na kubishana. Nitasimulia baadhi ya yaliyomo, kwa hiyo asiyependa kuharibiwa utamu atazame kwanza ndipo arudi.

Nianze na Solo Leveling, maana ndiyo iliyosumbua hosteli nzima. Ni episodi 12 za studio ya A-1 Pictures, kutoka kwenye riwaya ya Kikorea ya Chugong. Sung Jinwoo ni mwindaji wa daraja E, dhaifu kuliko wote, mama yake yuko hospitali amelala usingizi asioamka, na kijana anaingia mapangoni kupambana na mazimwi ili apate hela. Episodi mbili za kwanza ni moto. Yale masanamu ya mawe yanavyogeuza macho kuwafuata watu mle ndani, nilishika mto wa kochi. Muziki wa Hiroyuki Sawano unapiga kifuani, na pambano la Jinwoo na adui aitwaye Igris limechorwa kwa ufundi ambao sina cha kuupunguzia.

Lakini baada ya hofu ile ya mwanzo, nguvu za Jinwoo zinakuja kwa namba. Anaua, namba inapanda, anakuwa mrefu na mtanashati, na watu wengine wote wanabaki kazi yao ni kumshangaa. Hajifunzi kitu kinachoniingia akilini kwamba sasa anakijua. Mdogo wangu alinijibu, "Dada, watu wanataka kumuona mnyonge akipanda." Sawa, nami nataka kumuona. Ila nataka nione alivyopanda. Nyota tatu kati ya tano, na zote ni za wachoraji na mwanamuziki.

Mashle, anime nyingine, nayo ilimaliza msimu wake wa pili. Wimbo wake wa kufungulia, ule wa wanamuziki wa Kijapani Creepy Nuts, umenishika kuliko hadithi yenyewe, basi.

Sasa tuje kwa Maomao. The Apothecary Diaries ina episodi 24, imetoka kwenye riwaya za Natsu Hyuuga, na inatokea kwenye dola ya kubuni inayofanana na China ya zamani. Maomao kalelewa na baba anayejua dawa, kwenye mtaa wa madanguro. Anatekwa, anauzwa, anaishia kuwa mtumishi kwenye jumba wanakoishi wake wa mfalme. Kwenye episodi ya kwanza tu watoto wachanga wa mfalme wanaumwa na jumba zima linasema ni laana. Maomao anaangalia dalili na kuona kinachowaua ni poda nyeupe ya usoni, yenye madini ya risasi. Hana cheo cha kumsogelea mke wa mfalme, kwa hiyo anaandika onyo kwenye kipande cha nguo na kukiacha dirishani kwa siri. Mke mmoja analiamini. Mwingine, Lihua, analipuuza, na mwanawe anakufa.

Ingeishia hapo ingekuwa kisa kizuri cha upelelezi. Uzito wenyewe unakuja kwenye episodi ya nne. Poda imeshapigwa marufuku, lakini Lihua bado anadhoofika kitandani, na Maomao anagundua kwamba mtumishi wake anaendelea kumpaka, kwa kuwa anataka bibi yake aonekane mrembo. Maomao, ambaye muda wote ni mtu baridi asiyejali, anamlipukia yule mtumishi mbele ya wenzake. Aoi Yuki anayeigiza sauti yake anaishusha kwanza, kisha anaipandisha mpaka chumba kinanyamaza. Nililazimika kuirudia sehemu hiyo, kwa sababu kaunta yangu inaijua hali ile. Dada anakuja, anaegemea, anashusha sauti.

"Dada, ile krimu ya kung'arisha ipo?"

"Haipo, dada yangu. Na ingekuwepo nisingekuuzia."

Anaondoka amenuna, na najua kuna mahali ataipata. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini muda mrefu, lakini mkorogo bado unachanganywa na kupimwa kwa kijiko, na wanaopaka ni pamoja na wajawazito na wanaonyonyesha. Zebaki inapenya kwenye ngozi, inaingia kwenye damu, inaumiza figo, na mtoto anaipata humohumo. Sijawahi kuona kipindi chochote cha runinga kikieleza jambo hili kwa nguvu kama hii anime. Haikuhubiri hata kidogo. Ilinionyesha mwanamke amelala, mashavu yamebonyea, na mtu anayempenda akimuua kwa mikono yake.

Kisha ikaja asali. Kwenye episodi za 10 na 11 tunarudishwa kwenye kifo cha kichanga kilichotokea miaka mingi nyuma, na chanzo chake ni asali aliyolambishwa na mtumishi kwa mapenzi tu. Hapa kwetu hilo si jambo la kutazama kisha ukalala. Huku kati asali ni heshima. Ukitoka Dodoma kwenda Singida utaikuta Manyoni imepangwa barabarani kwenye chupa, na ukifika msibani au harusini bila zawadi, asali ya Itigi inakuokoa. Na bibi zetu wengi wanamlambisha mtoto mchanga, eti afunguke koo. Asali inaweza kubeba mbegu za bakteria ambazo utumbo wa mtu mzima unazimudu. Kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka zinaweza kuamka humo tumboni na kutoa sumu inayolegeza misuli, hadi ya kupumulia. Sheria yake ni fupi: hajatimiza mwaka, asali hapana, hata tone. Mama mmoja jirani yetu, mwenye mtoto wa miezi minne, nilimwita akae aitazame na sisi, huku namtafsiria maandishi ya chini. Alipomaliza aliniuliza maswali ya maana kuliko wengi wanaokuja famasi.

Kuna na mnanaha pia, kwenye episodi ya 20. Unaota majalalani na pembeni mwa mashamba, una ua jeupe kama tarumbeta na tunda la miiba. Ndani yake mna atropini, ileile tunayoitumia hospitalini kumwokoa mtu aliyekunywa dawa ya wadudu, na ileile inayomwua anayecheza nayo. Mwandishi ameutumia mmea huo kutengenezea dawa ya kumfanya mtu aonekane amekufa kisha azinduke. Hapo anavuta kamba ya hadithi, asije mtu akajaribu. Ila wazo lililo chini yake, kwamba dawa na sumu vinatenganishwa na kipimo, ndilo nililofundishwa chuoni, na Maomao analiishi hadi kwenye mkono wake wa kushoto aliouchanja na kuujaribia dawa.

Kasoro zipo. Vichekesho vya Jinshi, ofisa mtanashati wa jumba lile, kumfuatafuata Maomao vinarudiwa mno, na katikati kuna episodi mbili tatu zinazokaa tu. Pia nawaambia wazazi: kuchorwa hakuifanyi kuwa ya watoto. Kuna madanguro, kuna biashara ya wasichana, na haifichi. Nyota nne na nusu. Msimu wa pili ulirushwa mwaka 2025.

Frieren nimeiweka juu ya zote. Episodi 28, studio Madhouse, mwongozaji Keiichiro Saito, muziki wa Evan Call, kutoka kwenye manga, yaani kitabu cha hadithi za picha, ya Kanehito Yamada na Tsukasa Abe. Inaanzia pale ambapo hadithi nyingine huishia. Mfalme wa Mashetani ameshauawa, mashujaa wanne wamerudi mjini baada ya safari ya miaka kumi, watu wanashangilia. Frieren ni elfi, kiumbe wa hadithi anayeishi umri mrefu mno, na ameishi zaidi ya miaka elfu, kwa hiyo miaka kumi kwake ni kitu kidogo. Wanatazama mvua ya vimondo inayotokea kila baada ya miaka 50, anawaahidi wenzake kuwapeleka mahali pazuri zaidi itakaporudi, kisha anaondoka zake. Anaporudi, Himmel yule kijana mtanashati ni mzee mfupi mwenye upara. Wanavitazama vimondo. Himmel anakufa. Na pale kaburini Frieren, ambaye watu wanamnong'ona kwamba hana hata huzuni, analia kwa sababu alikuwa na mtu huyu miaka kumi na hakujaribu kumjua.

Yote yanayofuata ni Frieren akijifunza. Anairudia njia ileile, akiwa na Fern, yatima aliyelelewa na kasisi Heiter, na Stark, mwanafunzi wa mbilikimo Eisen. Kila kijiji kinamkumbusha jambo ambalo Himmel alilifanya na yeye hakulitilia maanani. Na kila mahali anakusanya uchawi wa ajabuajabu usio na faida vitani. Mmoja ni wa kugeuza zabibu tamu kuwa chachu.

Tulikuwa tunakula zabibu tulipofika hapo, maana miezi hiyo Dodoma zabibu ziko kila kona, zile nyekundu za Makutupora ukizipata zimeiva vizuri hutamani tunda jingine. Mdogo wangu akashangaa, "Nani huyo anataka zabibu chachu?" Eisen anazitaka. Ndiye anayezipenda. Frieren amebeba kichwani uchawi ambao kazi yake yote ni kumfurahisha rafiki mmoja mzee, na hadithi haisimami kutuambia hivyo. Inakuachia uunganishe mwenyewe.

Nusu ya pili ni mtihani wa wachawi wa daraja la kwanza, na wengi wanaiona ndiyo kilele. Mapambano ni makali kweli, hasa Frieren na Fern wanapokabiliana na nakala ya Frieren mwenyewe kwenye episodi ya 26. Nampenda sana mzee Denken, mtu wa cheo aliyechoka na siasa anayekubali kutupa heshima zake na kupigana ngumi. Lakini majina mapya yanamiminika kwa wingi, na kwa wiki kadhaa Himmel anatoweka kabisa. Nilimkumbuka. Nusu ya kwanza inabaki kuwa bora.

Episodi mbili za mwisho ndizo zilizonifanya niandike haya yote. Serie, mchawi mkuu kuliko wote, anamfelisha Frieren na kumpitisha Fern. Atakayepita anachagua zawadi ya uchawi wowote autakao, na Serie anao karibu wote wa dunia: kuna wanaoomba uwezo wa kutisha. Fern anachagua uchawi wa kufua nguo zikatakata. Serie haamini masikio yake. Fern anamwambia Frieren kwa furaha, na Frieren anafurahi kwa dhati, kama mwalimu aliyeona mwanafunzi kaelewa. Linganisha na Jinwoo anayekusanya jeshi la vivuli, utajua kwa nini mmoja nampa tatu na mwingine tano.

Kwa anayeanza: episodi nne za kwanza za Frieren zilirushwa Japani kwa pamoja, saa mbili mfululizo kwenye kipindi cha filamu cha Nippon TV. Zitazame hivyohivyo kwa usiku mmoja, usizikate, na usichague yenye sauti ya Kiingereza kama unaweza kusoma maandishi. Sauti ya Atsumi Tanezaki, anayemwigiza Frieren, pale kaburini usiikose.