Simu tatu, kidole kimoja cha fundi vigae

Mimi ni fundi vigae hapa Dar es Salaam, na kama kuna watu wanaojua fingaprinti ya simu inavyoweza kumsumbua mtu, ni sisi. Saruji na grauti, ule mchanganyiko wa kuziba nafasi kati ya vigae, zinakausha ngozi, kisha kazi yenyewe inaisugua mpaka mistari ya kidole inafifia. Wakati wa ule usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulioanza Mei 2019, ukasogezwa hadi Januari 20, 2020, mafundi walikuwa wanajaribu kidole hiki na kile kwa wakala, mashine haitaki. Kwa hiyo mtu akiniambia simu fulani "inafunguka fasta", namuuliza kwanza anafanya kazi gani.

Nimetumia simu tatu za kampuni tatu zinazoshindana, zote Android. Majina nayaacha, maana niliyoyaona yanatokana zaidi na aina ya fingaprinti kuliko nembo iliyobandikwa mgongoni.

Ya kwanza ni ya bei ya chini, fingaprinti iko pembeni kwenye kitufe cha kuwashia. Hii inasoma kwa chaji ndogo ya umeme. Mistari iliyoinuka ya kidole inagusa, mabonde yaliyo katikati hayagusi, na simu inachora picha kutokana na tofauti hiyo. Kwa mkono mkavu wenye vumbi ilinishangaza. Nafuta dole gumba kwenye suruali, naitoa mfukoni, na mpaka niiinue usoni imeshafunguka, kwa sababu dole liko pale pale ninapoishikia. Maji ndiyo adui yake. Nikitoka kufuta vigae kwa sponji, unyevu unajaza yale mabonde, simu haioni mstari wowote. Na kuna kero nyingine ambayo wauzaji hawaisemi: unapoishika tu kwenda nayo, kiganja kinagusa kitufe, nayo inahesabu kwamba umejaribu ukakosea. Ukija kuihitaji kweli inakudai PIN. Simu nyingi zina sehemu kwenye mipangilio ya kuiambia isome kidole pale tu kitufe kinapobonyezwa. Washa hiyo, kero imeisha.

Ya pili ilinigharimu karibu mara mbili, na fingaprinti iko chini ya kioo. Ukiweka kidole, kioo kinawaka taa kali, kamera ndogo iliyo chini inapiga picha ya ngozi. Ndiyo maana utaikuta kwenye simu za AMOLED, ambazo kioo chake kinapitisha mwanga, na zile za bei rahisi zenye LCD, aina nyingine ya kioo, zinabaki na kitufe cha pembeni. Watu wanaona ya kwenye kioo ni hadhi. Kwangu imekuwa mtihani. Ngozi kavu haishikani vizuri na kioo, picha inatoka hafifu, na juani mchana hali inazidi kuwa mbaya. Nikajikuta nahemea kidole kabla ya kukiweka, kama mtu anayefuta miwani, na kweli ule unyevu kidogo unasaidia. Lakini mteja yuko mbele yako anasubiri umwoneshe hesabu ya boksi za vigae, wewe unapumulia dole gumba! Usiku nako, chumba kikiwa na giza, ile taa inakupiga machoni.

Wala si simu za kawaida tu zilizolalamikiwa kwa aina hii. Google walipotoa simu yao ya Pixel 6 mwaka 2021, watumiaji walilia kwamba inachelewa kusoma kidole, na jibu la kampuni likawa kwamba ukaguzi wake wa usalama umeimarishwa, hivyo unaweza kuchukua muda zaidi. Kufikia Pixel 9, mwaka 2024, wakahamia kwenye ile inayotumia mawimbi ya sauti.

Hiyo ya mawimbi ndiyo aina ya simu yangu ya tatu, niliyoinunua Kariakoo ikiwa imeshatumika. Nayo iko chini ya kioo ila haipigi picha. Inatuma mawimbi ya sauti tusiyoyasikia, yakagonga kidole na kurudi. Kidole kikiwa na maji inasoma. Kikiwa na grauti iliyokauka inasita mara moja moja, lakini haiwashi taa wala haijali jua. Tatizo lake ni protekta. Ukiweka glasi ya kawaida, ile inayoshika kwenye kingo tu, hewa inabaki katikati na mawimbi hayapiti. Inabidi uweke ya gundi inayokaushwa kwa taa ya UV, au ile laini ya plastiki, kisha usajili vidole upya.

Na protekta si suala la kufunguka tu. Oktoba 2019 iligundulika kwamba Galaxy S10 ya Samsung ikivalishwa baadhi ya vifuniko vya silikoni vinavyofunika kioo inaweza kumfungulia mtu yeyote. KakaoBank ya Korea Kusini ikawaambia wateja wake wazime fingaprinti hadi Samsung walipotoa marekebisho. Kwa hiyo ukishabandika protekta mpya, mpe mwenzako ajaribu kidole chake kabla hujaondoka dukani.

Kitu kilichonisaidia kwenye simu zote tatu ni kusajili dole gumba lile lile mara mbili: mara ya kwanza asubuhi nikiwa nimeoga, mara ya pili jioni nikitoka saiti, ngozi ikiwa imechakaa. Ukiongeza kidole, programu ya benki inaweza kukudai nywila upya. Usishtuke, inafanya hivyo makusudi ili aliyeingiza kidole chake kwa siri asifike kwenye hela zako. Ile tabia ya Android kudai PIN kila baada ya saa 72, hata kama kidole kinakubali, nayo ni ya makusudi.

Kwa fundi ujenzi, seremala, mtu wa vumbi, naipendekeza ya pembeni, hata kama mfuko unaruhusu zaidi. Ya mwanga wa chini ya kioo waachieni watu wa ofisi. Mke wangu anauza samaki, mikono yake inashinda majini, na ya pembeni aliikataa siku ile ile. Sasa ile ya mawimbi iko kwake, mimi nimerudi kwenye kitufe.