Vipima hewa vya vyumba vya hoteli za kifahari: kipi ununue, na swali ambalo muuzaji hapendi kuulizwa

Malalamiko ninayoletewa na wasomaji wanaofanya kazi hotelini yanafanana sana siku hizi. Hoteli ya nyota tano, iwe Nungwi, Diani au Masaki, imenunua vipima hewa na kuvifunga vyumbani. Taa ni ya kijani asubuhi na jioni, na meneja ameridhika. Kisha anafika mgeni wa Ulaya na kipima chake cha mfukoni, analala nacho kando ya kitanda, na asubuhi anashuka mapokezi simu ikiwa mkononi: hewa ukaa (CO2, ile tunayoitoa tukipumua) ilifika ppm 1,400, yaani sehemu 1,400 katika kila sehemu milioni moja za hewa. Kipima cha hoteli, chumba kilekile, usiku uleule, kinasema 950. Meneja anakosa la kusema, na aliyemuuzia hapokei simu.

Sitazungumzia rangi, umbo wala uzuri wa programu ya simu, maana hayo yameandikwa kwenye boksi. Nataka tuzungumzie jambo moja ambalo kwenye boksi hutalikuta: jinsi kipima kinavyojisahihisha chenyewe.

Sensa nzuri za hewa ukaa hutumia mwanga wa infraredi, na kwenye boksi utaona herufi NDIR. Sensa hizi zikikaa sana huanza kuhama kidogo kidogo kutoka kwenye usahihi wake. Ili mteja asihangaike, viwanda vingi vimeziwekea utaratibu huu: kila baada ya wiki moja hivi, kipima kinaangalia kiwango cha chini kabisa kilichosomeka ndani ya kipindi hicho, kinakichukulia kuwa ni hewa ya nje, yaani ppm 400 na kidogo, kisha kinajipanga upya kuanzia hapo. Kwenye ofisi inayofungwa Jumamosi na Jumapili, hilo halina shida.

Chumba cha hoteli hakifungwi Jumamosi na Jumapili. Tena AC ya split, ambayo ndiyo imejaa kwenye hoteli zetu za pwani, haiingizi hewa mpya hata kidogo. Inavuta hewa ya chumbani, inaipoza, inairudisha palepale. Watu wawili wakilala humo, madirisha na milango vimefungwa, kufika ppm 2,000 alfajiri si ajabu. Asubuhi mhudumu wa vyumba anaingia kusafisha, lakini ameshaambiwa asifungue mlango wa baraza: mbu wataingia, na unyevu utaingia mpaka mapazia yaote ukungu. Mgeni anatoka saa nne asubuhi, mwingine anaingia saa nane mchana. Msimu ukikolea, chumba hicho kinaweza kumaliza wiki nzima hakijaonja hewa ya nje.

Sasa tuseme hewa safi kuliko zote iliyopita mbele ya kipima kwa wiki hiyo ilikuwa ppm 850. Kipima kinaamini hiyo ndiyo 400. Kuanzia siku hiyo kila namba inakatwa 450, na 1,400 ya kweli inasomeka 950. Wahandisi wengi huchukua 1,000 kuwa mpaka wa kuanza kuchukua hatua, kwa hiyo taa inabaki kijani na fundi haitwi. Aprili na Mei, vyumba vikiwa havina watu, kipima kinasema kweli. Julai, Agosti na Desemba, hoteli ikifurika, ndipo kinapodanganya. Kinakosea wakati ule ule unapokihitaji.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa muuzaji ni hili: naweza kuzima kujisahihisha huko, nikakisahihisha mwenyewe kwa hewa ya nje? Akijibu kwamba kifaa "kinajiweza chenyewe", usilipe.

Namba moja kwangu ni Aranet4, inayotengenezwa Latvia, na sifichi kwamba naipendelea. Unaisahihisha kwa mkono. Unaitoa nje, kivulini, mbali na jenereta na mbali na pumzi za watu, unaanzisha zoezi na kuiacha kama nusu saa. Sensa yake ni ya infraredi ya kweli. Haina feni, kwa hiyo haivumi usiku. Kioo chake ni cha wino wa kielektroniki, kwa hiyo hakimuliki usoni mwa mtu aliyelala. Inatumia betri mbili za AA, na hilo lina maana kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu mgeni akitafuta pa kuchajia simu, kitu cha kwanza kuchomolewa ukutani ni kipima hewa. Hoteli ichukue toleo la PRO, linalotuma vipimo kwa redio hadi kwenye kituo kimoja cha kupokelea, bila kutegemea Wi-Fi ya vyumbani. Kiwanda kinataja kilomita 3 kwenye uwazi. Kuta nene za mawe za Mji Mkongwe zitapunguza umbali huo sana, basi jaribuni kabla ya kununua vya hoteli nzima.

Upungufu wake naukubali: haipimi vumbi laini, lile la PM2.5. Hoteli inayofukiza udi mapokezi kila magharibi inahitaji kulijua hilo, maana moshi wa udi ni vumbi laini hasa, hata ukinukia vipi. Shirika la Afya Duniani liliweka mwaka 2021 kiwango cha mikrogramu 15 kwa mita moja ya ujazo kwa wastani wa saa 24. Hapo ndipo inapoingia namba mbili, AirGradient ONE. Inapima hewa ukaa kwa sensa ya infraredi pamoja na PM2.5, muundo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, sensa ikifa unaweza kuibadilisha, na kujisahihisha kwake kunaweza kubadilishwa kwenye mipangilio. Inahitaji waya wa umeme na ina feni ndogo, kwa hiyo mimi ningeiweka mapokezi, kwenye mgahawa na kwenye chumba cha mazoezi, si kichwani mwa kitanda.

Kaiterra Sensedge Mini ni ya tatu. Moduli zake za sensa zinachomolewa na kuwekwa mpya, jambo zuri kwa hoteli yenye mhandisi wake na bajeti ya kila mwaka. Kwa hoteli ndogo ni gharama kubwa mno.

Airthings View Plus ya Norway inasifiwa sana, na kweli imeundwa vizuri. Lakini sehemu ya bei yake unalipia radoni, gesi ya mionzi inayopanda kutoka ardhini, ambayo ni tatizo hasa la nyumba zilizozibwa za nchi za baridi. Bungalow ya makuti ya Paje ina shida nyingine.

Vya bei ya chini, vile vya "saba kwa kimoja" vinavyouzwa mtandaoni, vingi havina sensa ya hewa ukaa kabisa. Vinanusa kemikali na kukisia. Kupima ni rahisi: tia tone la vitakasa mikono kwenye pamba, isogeze karibu. Namba ya hewa ukaa ikiruka hadi maelfu, mrudishie mwenyewe.

Kuna jambo moja siwezi kuliacha. Aranet4, AirGradient ONE na View Plus hazipimi monoksidi kaboni, hewa inayoua bila harufu. Mei 2022 watalii watatu wa Marekani walikufa kwa hewa hiyo kwenye hoteli ya kifahari huko Bahamas. Lodge yoyote yenye hita za maji za gesi, au jenereta iliyo karibu na vyumba, inunue king'ora chake peke yake, chenye alama ya EN 50291, kiwango cha Ulaya cha ving'ora vya hewa hiyo. Kisihesabiwe kama sehemu ya bajeti hii.

Sasa bei. Aranet4 ya kawaida nje imekuwa ikiuzwa kati ya dola 200 na 250. Nimeoneshwa ankara za hapa kwetu zenye mara mbili ya hiyo, na maelezo ya muuzaji ni "ushuru na usafiri". VAT ya Tanzania Bara ni asilimia 18, naijua, na boksi lenyewe linaenea kiganjani. Hesabu hiyo haifiki mara mbili. Wengine wanauza kifaa kwa bei nafuu halafu wanadai ada ya kila mwaka ili usome vipimo vya chumba chako mwenyewe, na ada hiyo haitajwi mpaka mkataba umesainiwa. Na nikiuliza sensa iliyomo ndani ni ya aina gani, naletewa kipeperushi chenye picha ya mtoto anayetabasamu.

Basi andikeni kwenye oda ya ununuzi, kabla ya kulipa hata senti: aina ya sensa, uwezo wa kuzima kujisahihisha, ada zote za baadaye, na nani atakuja kila baada ya miezi mitatu kuvitoa vipima nje na kuvisahihisha. Muuzaji asiyetaka kusaini hayo, mwende kwa mwingine.