Pula ya supachaja ya Kirinyaga Road na bolti yake ya aibu

Hii pula, yaani kifaa cha kuvuta puli (gurudumu dogo la mkanda) kutoka kwenye shafti, inayouzwa Kirinyaga Road, Nairobi, kwa jina la "spesheli ya supachaja" usiinunue. Nasema kwa hasira, na hasira ina sababu: bolti ya katikati iliisha thredi kabla puli haijasogea hata milimita moja.

Nilitaka kuweka puli ndogo zaidi ili supachaja, ile pampu ya mkanda inayoisukumia injini hewa zaidi, izunguke haraka. Kwenye Mini Cooper S ya 2002 hadi 2006, ile yenye supachaja ya Eaton M45, puli haina nati wala bolti ya kuishikilia. Imesukumwa kwenye shafti ikakaza, basi. Nguvu yote ya kuitoa inapitia bolti moja ya pula, na hapo ndipo waliotengeneza wakaamua kubana matumizi. Kichwani bolti hiyo haina alama yoyote ya ugumu, si 8.8 wala 10.9. Ncha ni bapa, haina gololi, kwa hiyo inaisaga shafti badala ya kuisukuma. Grisi ilipakwa, na bado thredi zikachubuka zikawa kama nywele za chuma. Wakati huo gurudumu la kulia liko nje, maunting ya injini imefunguliwa, injini imekalia jeki na kipande cha mbao. Gari la hivyo hulipeleki popote.

Muuzaji hata hakuishika mkononi. "Boss, hiyo ni kazi ya fundi, si ya mtu wa nyumbani." Fundi gani huyo ataifanya chuma laini iwe ngumu? Kisha akataka kuniuzia pula ya miguu mitatu! Hiyo ikatae kabisa. Miguu inashika ukingo tu, puli inavutwa upande, ukingo unamegeka. Na mtu akianza kuichapa nyundo au kuwasha gesi, mzuie, kwa sababu beringi na sili ya mafuta ziko hapo hapo nyuma.

Kibano chenyewe cha pula, lakini, sina neno nacho. Vipande vyake viwili vinaikumbatia puli mzunguko mzima na meno yanakaa kwenye mifereji yote sita. Nilitafuta bolti ya 12.9 Industrial Area, thredi zile zile, nikaweka kipande cha chuma kigumu kati yake na shafti. Puli ikatoka kwa racheti, taratibu, bila kishindo. Kwa hiyo ukibadilisha bolti kabla ya kuanza, pula inafaa. Labda niseme inafaa sana.

Kabla ya kuvuta, pima kwa venia puli ya zamani imekaa umbali gani kutoka mwisho wa shafti. Mpya ipashe kwenye oveni kama nyuzi 200 kwa nusu saa, vaa glavu za ngozi, isukume mara moja. Ikikwama katikati, itoe uipashe upya, usiigonge. Mkanda nao ununue mfupi: kila milimita 10 za kipenyo zinazopungua, mkanda unapungua kama milimita 16, maana unazunguka karibu nusu ya puli. Ukirudisha ule mrefu, tenshena, ile inayokaza mkanda, inafika mwisho na mkanda unateleza hadi unanuka. Ukilia, nyunyizia maji kidogo upande wa mifereji. Kelele ikinyamaza kisha irudi, puli hazijalingana. Ikizidi, mkanda umelegea.

Kazi yenyewe inalipa hapa kwetu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, shinikizo la hewa ni kama asilimia 80 ya lile la Mombasa, na supachaja haiwezi kujiongezea kasi kama tabo, ile inayozungushwa na moshi wa injini. Puli iliyopungua kipenyo kwa asilimia 15 inazungusha rota za supachaja zaidi ya asilimia 17 haraka zaidi, na unausikia mlima wa kutoka Limuru Road ukiwa mwepesi.

Nilitaka kuipa nyota tatu. Hapana. Mteja aliyelipa pesa zake hapaswi kununua bolti mara ya pili, halafu aambiwe hajui kazi. Nyota moja, na hiyo ni ya kibano.