Fundi kanibadilishia spika nzima, kumbe Debian haikuwa na fimwea: uzoefu wangu hapa Mtwara

Jamani nina hasira mpaka sasa hivi ninavyoandika. Kama laptopu yako ina Linux (mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, Debian ni aina yake mojawapo) na haitoi sauti, soma hii kabla hujampa mtu hela yako. Na fimwea ni programu ndogo inayopakiwa ndani ya kifaa ili kiamke.

Laptopu niliinunua mtumba ikiwa na Windows, na palepale dukani waliipigia singeli ikaunguruma vizuri kabisa, hilo lishike. Nilipofika nyumbani Chuno nikaiwekea Debian 11 kutoka kwenye fleshi ya rafiki yangu, ile iliyotoka 2021. Ikawaka vizuri, nyepesi, naipenda, ila sauti hakuna, na waifai nayo hakuna, intaneti nikawa natoa kwenye simu kwa waya. Kwenye mipangilio ya sauti palikuwa pameandikwa Dummy Output basi, yaani kifaa cha sauti cha uongo tu. Na mi kazi yangu ni video za harusi! Huku kwetu hela za mnada wa korosho zikishaingia ndio harusi zinafuatana, Masasi huku, Newala kule, sasa mtu anadai video yake na mi siwezi kusikia hata MC anasema nini.

Nikampelekea fundi mmoja hapa mjini. Simtaji. Hata hajaiwasha akasema spika zimekufa hizi. Nikamwambia fundi, mbona hata nikichomeka hedifoni za waya kwenye tundu sisikii kitu, na za USB zinapiga? Maana spika ikifa haiui tundu la hedifoni, na hedifoni za USB zinakuja na kadi yake ya sauti humohumo ndani, yaani hapo mtu wa kompyuta anatakiwa ajue kwamba ni mashine haijaiona kadi yake yenyewe. Unajua alinijibu nini? "Dada, we endelea na mapicha yako ya maharusi, haya ya ndani tuachie wenyewe." Mbele za watu! Wengine wakacheka.

Akafungua, akaweka spika nyingine, elfu 45. Akaiwasha, kimya vilevile. Hapo akageuka, sasa ni madabodi, halafu eti nani alikutuma uweke hiyo Linux, hiyo ya mahaka, yaani wadukuzi, toa weka Windows. Hela harudishi. Nikadai basi spika zangu za zamani, akasema kashatupa. Spika nzima zilizopiga singeli dukani katupa!

Usiku nikakaa nayo mwenyewe. Nikaandika aplay -l ikajibu no soundcards found, yaani haioni kadi ya sauti yoyote, nikasema sawa, kumbe suala la spika halipo kabisa hapa. Nikaandika sudo dmesg | grep -i sof, kusoma kumbukumbu za mashine, na jibu likawa pale wazi kwa maandishi, kwamba faili la fimwea ya SOF, ile ya sauti, halipo. Laptopu nyingi za Intel za miaka ya karibuni zenye maiki ya ndani, sauti inapitia kwenye kichakataji chake kidogo cha pembeni, na kile bila kupakiwa fimwea yake hakiamki. Debian 11 kwenye fleshi ya kawaida haikuwa na hizo fimwea kwa sababu sio programu huria, ndio msimamo wao. Na waifai ilikuwa imekufa kwa sababu hiyohiyo! Fundi hata hakuuliza mbona waifai nayo haipo.

Nikafungua /etc/apt/sources.list, faili la orodha ya mahali Debian inapochukua programu, baada ya neno main nikaongeza contrib non-free, nikafanya apt update, nikaweka firmware-sof-signed na firmware-iwlwifi, nikazima nikawasha. Ile sauti ilivyotoka nilipiga kelele mpaka mama akaja mlangoni.

Kuna njia ya mkato ambayo watu wanapeana, ya kuandika options snd-intel-dspcfg dsp_driver=1 kwenye faili ndani ya /etc/modprobe.d, inarudisha draiva ya zamani na sauti inapatikana, ila maiki ya ndani mara nyingi inapotea, kwa hiyo weka fimwea tu.

Sasa Debian niipe nyota ngapi? Nilitaka kuipa moja. Unamwekea mtu mfumo halafu unamwacha bubu bila hata kumwambia kwenye skrini kwamba bwana hapa panakosekana kitu hiki, badala yake unamwandikia Dummy Output, nani anaelewa hiyo? Lakini 2022 walipiga kura wenyewe wakakubali fimwea ziingie kwenye fleshi rasmi, na Debian 12 ya 2023 ikatoka nazo, kwa hiyo ukianza leo chukua mpya utaepuka haya yote. Nne. Na angalau yenyewe nilipoiuliza ilinijibu ukweli.

Fundi nilitaka kuwa muungwana niseme mkono wake ni mzuri, maana kweli spika alizifunga safi na hakuna skrubu iliyobaki nje. Ila hapana. Ningemsamehe kutojua Linux, wengi hawaijui. Kunibadilishia kitu kizima, kunidhalilisha mbele za watu, halafu kukaa na hela yangu, hapana. Watu wa Mtwara mjini mkipeleka mashine popote, mwambieni fundi aiwashe kwanza mkiwepo kabla hajashika bisibisi, na kifaa chochote anachotoa muondoke nacho. Elfu 45 yangu bado naidai, na wiki hii naenda tena.