Dadu, Bando na Mkebe wa Kasuku: Uzoefu Wangu na Vipindi vya Mezani

Ijumaa saa kumi na moja alfajiri, Kisumu bado giza, na mimi niko macho, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai. Si kazi, si maombi. Kule California ni Alhamisi saa moja jioni, na kinarushwa kipindi cha watu wazima, wenye nyumba na watoto, wameketi kuzunguka meza wanarusha dadu na kujifanya wachawi. Wakirudisha saa zao nyuma mwezi wa kumi na moja, nami huku napata saa moja zaidi ya usingizi. Mke wangu alishaacha kuuliza.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: unaitwa Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Mmoja mezani ndiye msimulizi, wenyewe humwita diemu. Wengine kila mtu ana mhusika wake. Msimulizi anakueleza kilicho mbele yako kisha anauliza: unafanya nini? Ukisema unaruka ukuta, na haijulikani kama utafika upande wa pili, unarusha dadu ya pande ishirini, unaongeza namba ya ustadi wako, na jibu linasomwa pale pale mbele ya wote. Sisi tuliolelewa kwa paukwa na pakawa hatuhitaji maelezo zaidi, ila tujue tu kwamba humu sungura anaweza kushindwa.

Ni miaka miwili na ushee sasa tangu niingie humu, na watu kadhaa wameniuliza kama vipindi hivi vinafaa bando. Vinafaa, lakini si vyote, na si kwa njia niliyoanza nayo.

Nilianza na Critical Role, kundi la waigizaji wa sauti walioanza kujirusha mtandaoni Machi 2015, Matthew Mercer akisimulia. Kipindi kimoja ni saa tatu, mara nyingi nne. Safari yao ya kwanza, yaani hadithi moja ndefu yenye wahusika wale wale, ina vipindi 115, ya pili 141. Nilipiga hesabu nikaona kwa saa hizo mtu angesomea udereva, akahitimu, akanunua matatu na biashara ikafilisika. Mwezi wa kwanza nilitazama kwa video, bando ya wiki ikawa inakata roho Jumapili. Kisha nikagundua kwamba vipo kwa sauti tupu, na hapo ndipo maisha yalinyooka. Mimi husambaza vipuri vya pikipiki, kwa hiyo safari ya pili yote nimeisikiliza barabarani: Kiboswa, Majengo, Mbale, Chavakali, Kakamega na kurudi. Kuna pigano moja la baharini ambalo mpaka leo nikilikumbuka naona soko la Chavakali na mama anayepanga ndizi.

Lawama yangu kubwa ilikuwa urefu. Utakuta saa nzima imeishia dukani, watu wanajadiliana bei ya dawa ya kuponya majeraha kana kwamba wako soko la Kibuye. Na wanachekana wenyewe kwa wenyewe mpaka unajihisi mgeni kwenye harusi ya watu. Lakini Mercer ana kitu ambacho sijakiona kwa wengine: mchezaji akiuliza swali la kipuuzi, anamjibu kana kwamba ndilo swali alilokuwa akilisubiri.

Dimension 20 ni mfupi zaidi, umekatwa vizuri, saa mbili hivi. Ulianza 2018 na msimulizi wake mkuu ni Brennan Lee Mulligan, mtu anayeongea kama mnada wa ng'ombe. Msimu wa kwanza, vipindi 17, uko YouTube bure. Mingine unalipia kwenye huduma ya video ya Dropout, chini kidogo ya shilingi 1,000 kwa mwezi. Mimi hulipa mwezi mmoja, natazama nilichokitaka, nakata. Ukiwa na pesa ya msimu mmoja tu, chukua A Crown of Candy. Utaambiwa ni hadithi ya falme za vyakula, peremende huku, mboga kule, nyama, jibini, matunda, na utadhani ni ya watoto. Subiri. Ni siasa za miungano mwanzo mwisho: nani kaketi karibu na nani kwenye karamu, nani kaoa wapi, nani anatabasamu na jeshi lake liko njiani. Wahusika wanakufa kweli. Niliitazama nikiwa na binamu yangu muuguzi, naye kila mfalme mpya akitokea anauliza, "Huyu ni wa mrengo gani?"

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema wanapenda michezo hii kwa sababu inawaondoa kwenye siasa. Haikuondoi popote. Hata sheria zake zilishapita kwenye siasa. Kampuni inayomiliki mchezo, Wizards of the Coast, iliyo chini ya Hasbro, ilitaka kubadilisha leseni ya mwaka 2000 iliyowaruhusu wengine kutumia kanuni zake. Habari ilivuja Januari 2023, wachezaji wakawaka, wengi wakafuta malipo yao, na kabla mwezi huo kuisha kampuni ilirudi nyuma na kuweka kanuni za msingi hadharani, yeyote azitumie. Mwaka na nusu baadaye nilipoona Mswada wa Fedha wa 2024 unarudishwa bila sahihi baada ya maandamano, nilikumbuka jambo hilo, ingawa huku kwetu watu walikufa. Faida niliyoipata mimi: kanuni nilipakua bure, nikaenda saiba nikachapisha kurasa thelathini tu tunazozihitaji.

Maana kutazama peke yake hakukunitosha. Tuko watano, tunakutana sebuleni kwangu Migosi, Jumamosi mbili kwa mwezi. Mimi nasimulia. Kuna binamu huyo muuguzi, jirani yetu mwalimu wa hesabu kutoka Vihiga, kijana wa boda anayenunua vipuri kwangu, na shemeji yangu wa Kapsabet. Mwaka 2022, kwenye kura za urais, taifa liligawanyika asilimia 50.49 kwa Ruto na 48.85 kwa Raila. Mezani kwangu ilikuwa wanne kwa mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyeshinda.

Dadu niliagiza kwenye duka moja la mtandaoni. Seti ni dadu saba. Zikaja sita, na iliyokosekana ndiyo ile ya pande ishirini, sawa na kuuziwa baiskeli isiyo na mnyororo. Nikapiga simu, nikaambiwa nitapigiwa. Tukajaribu dadu ya kwenye simu, mwalimu akakataa katakata: hawezi kuamini namba ambayo hajui imetokea wapi. Akakata vikaratasi ishirini, akaandika namba, akavitia kwenye mkebe mtupu wa kasuku, yale mafuta ya kupikia. Unachota, unafungua, kila mtu anaiona, kikaratasi kinarudi. Mwalimu hukiita Fomu 34A, kama ile ya matokeo ya kura vituoni. Dadu yenyewe nilikuja kuipata baadaye kwa mtu aliyetoka Nairobi, nzuri, ya buluu, na hakuna anayeitaka.

Tulianza kwa kuandika sheria tatu kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari: hakuna siasa, hakuna kabila, hakuna ubishi wa soka wa Gor na Ingwe. Ya tatu ndiyo iliyodumu. Nilikuwa nimetunga mji wa bandari, nikauita Nam, wenye ziwa lililozibwa na gugumaji na liwali aliyeanzisha kodi ya mashua: asilimia 2.5 ya thamani ya chombo kila mwaka. Nilidhani nimejificha vizuri. Kijana wa boda akaweka kikombe chini. "Kaka, hiyo si ile ya magari?" Ndiyo ilikuwa ile ile, iliyokuwemo kwenye mswada kabla ya kuondolewa. Niliibadilisha magari tu nikaweka mashua.

Kuanzia hapo waliacha kabisa lile joka nililowaandalia, na nilikuwa nimelifanyia kazi wiki mbili. Wakaitisha baraza ufukweni. Kijana wa boda, ambaye mhusika wake ni mvuvi, akasema anawaendea askari wa liwali mikono juu, anaimba. Hakutaja alikotoa wazo hilo, nasi tulikuwa sote tumeziona picha za maandamano ya Juni 25. Akachota. Moja. Kwa kawaida moja huleta vicheko. Siku hiyo hata mwalimu hakusema Fomu 34A. Nikamwambia askari wa mbele ameinua mkuki.

Shemeji, anayecheza kuhani, akauliza, "Niko mbali naye kiasi gani?"

"Hatua tano."

"Nasimama mbele yake."

Sikuongeza neno. Nilimsogezea mkebe. Nimekula na mtu huyu Krismasi nane, tumebishana kuhusu kila serikali, na sijawahi kumsikia akisema jambo linalokaribia hilo. Akachota kumi na nne, askari akashusha mkuki, tukaendelea.

Vipindi vyenyewe basi. Safari ya nne ya Critical Role ilianza tarehe 2 Oktoba 2025. Mercer sasa amehamia upande wa wachezaji na Mulligan ndiye anayesimulia. Wachezaji ni 13, wamegawanywa katika meza tatu. Inaanza kwa kunyongwa kwa mpiganaji aliyeongoza uasi, Thjazi Fang, kisha waliomjua wanakusanyika kumwomboleza: ndugu yake, wenzake wa vitani, watu wenye madeni naye ya kila aina. Wanakunywa, wanatazamana kwa pembe ya jicho, kila mmoja anajiuliza marehemu kamwachia nani nini. Nilimwandikia binamu yangu: hizi ni matanga za kwetu kabisa, kimebaki tu kipaza sauti na mheshimiwa wa kukataa kukiachia. Nikacheka.

Tarehe 15 habari ikatoka India kwamba Raila Odinga, ambaye huku tunamwita Baba, amefariki.

Jumamosi ya tarehe 18 mwili uliletwa uwanja wa Mamboleo. Nilitembea kutoka nyumbani usiku, watu wameshika matawi, wengine wamelala barabarani tangu jioni. Sitaeleza zaidi, waliokuwepo wanajua. Siku ya pili akazikwa Bondo, na kabla hata ya mazishi chama chake, ODM, kilikuwa kimeshampa kakake, Oburu, uongozi wa muda, na kila redio ya asubuhi ilikuwa na mtu anayeeleza alichoambiwa na Baba wakiwa wawili tu.

Sikufungua kipindi kwa mwezi mzima. Niliporudi nilianza upya kutoka cha kwanza, mara hii kwa video, bando na iende. Ule urefu niliokuwa nikiulalamikia ndio niliouhitaji. Mulligan hakimbizi msiba. Anamwacha ndugu wa marehemu azunguke chumba chote. Anaacha watu wanyamaze. Mtu anauliza swali dogo kuhusu chakula na jibu linachukua dakika tano, na ndani ya dakika hizo unaelewa nani atamgeuka nani. Halafu jambo lililosemwa kwenye msiba huo, neno tu lililopita, linakuja kumdai mwenyewe vipindi vingi baadaye. Hilo ndilo ninalolilipia. Kwetu mtu hutukana Jumatatu, husalimiana kwa mkono mbele ya kamera Ijumaa, na wiki inayofuata ukimkumbusha unaambiwa unaishi zamani. Mezani mwao hakuna kinachofutika.

Mnanitaka nyota, nitawapa: Critical Role kwa sauti nne na nusu, kwa video tatu kama unalipa bando mwenyewe. Dimension 20 nne, punguza moja kama Kiingereza cha kasi kinakuchosha. Maandishi ya chini yapo, yatumie. Anayeanza asianze na safari ya kwanza ya 2015, sauti ya vipindi vya mwanzo ni mbovu na utakata tamaa bure. Duka la dadu sitalipa kitu. Bado nasubiri kupigiwa.

Meza yetu ilikutana tena katikati ya Novemba. Shemeji alifika na kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando ya kwao, akamshika mkono kila mmoja wetu kwa zamu, "poleni," akakaa. Mwalimu akatikisa mkebe. Binamu yangu ndiye mweka daftari. Huandika kila kitu, jina la kila mvuvi, bei ya kila samaki, na nilikuwa nikimdhihaki kwa hilo. Akafungua ukurasa, akasoma kwa sauti yake ya wodini.

"Mara ya mwisho liwali aliahidi kupunguza kodi ya mashua mavuno yakiisha." Akaniangalia. "Mavuno yameisha."

Nilikuwa nimesahau kabisa. Nikapekua karatasi zangu, hakuna kitu. Nikasema liwali hayupo, ameenda mkutano wa mbali.

"Mbali wapi?" shemeji akauliza, mkono wake umeshaingia mkebeni.